Uzoefu wangu na kompresa kuukuu ya kujazia mitungi ya kuzamia

Kompresa niliyonunua ilikuwa miongoni mwa vifaa vya ziada vya jeshi vilivyouzwa baada ya kukaa ghalani muda mrefu: mashine ya hatua tatu, yaani inayoibana hewa mara tatu mfululizo, inayopozwa kwa hewa, na inayofikia shinikizo la bar 232 bila taabu. Kwa upande wa nguvu sina lalamiko. Mita ya saa ilionyesha kwamba haikufanya kazi sana, lakini hilo halikunituliza, kwa sababu mashine iliyolala huota kutu kwenye ringi na sili zake hukauka. Kwa hiyo niliizungusha kwanza kwa mkono, nikamwaga oili ya zamani na kuweka oili ya sintetiki ya kompresa za hewa ya kupumua.

Kilichonifaa zaidi ni geji za katikati ya hatua, zinazoonyesha shinikizo la kila hatua. Vali ya hatua ya tatu ikivuja, hewa hurudi nyuma na shinikizo la hatua ya pili hupanda kupita kiwango chake, na ndivyo sindano ilivyoonyesha. Nilipofungua kichwa cha silinda, nilikuta kibao cha vali kimegandwa na masizi meusi, magumu, ya oili iliyoungua. Masizi hayo yalinitia hofu kuliko uvujaji wenyewe, maana oili ikiungua ndani ya silinda hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo kwenye kina cha mita 30 mzamiaji huivuta kwa shinikizo mara nne ya lile la juu ya maji.

Upungufu mkubwa ulikuwa kwenye uchujaji. Mashine ilikuwa na kitenga maji pekee, kinachotosha kwa hewa ya mitambo, si kwa mapafu ya mtu. Niliongeza chujio lenye kikaushio, mkaa amilifu wa kunasa mvuke wa oili, na hopkaliti, kichocheo cha kemikali ambacho hugeuza monoksidi kuwa dioksidi ya kaboni na hudhoofika ikipata unyevu. Sikujaza mtungi wowote hadi maabara ilipothibitisha kwamba monoksidi iko chini ya ppm 5 (sehemu tano kwa milioni), kikomo cha EN 12021, kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua.

Kompresa yenyewe naipendekeza, mradi mnunuzi aingize gharama ya chujio na vipimo kwenye hesabu yake, na aione ikipanda hadi shinikizo kamili kabla ya kulipa. Ile ambayo vali zake za hatua ya mwisho hazina tena vipuri, ningeiacha.