Fundi wa Ngamiani aliyeipandisha CB ya mjomba hadi mita 10

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leseni unayo?"

Hata mfuko sijaufungua. Nikampa karatasi yangu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari mpaka chini, akanirudishia. Ndipo akasema, "Haya mwanangu, tuone umeleta nini." Kibanda chake kiko Ngamiani, Tanga, barabara ya 10, ubavuni mwa duka la vipuri vya baiskeli. Bango hana. Ulizia fundi wa simu za upepo, utaonyeshwa.

Nilichompelekea ni CB, redio ya raia wa kawaida ya kuongea na kujibiwa, ya marehemu mjomba wangu. Alikuwa baharia, na miaka ya themanini alirudi nayo Tanga kutoka Uingereza. Usoni ina muhuri wa duara wenye maandishi 27/81. Waingereza waliruhusu CB Novemba 1981 na wakajipangia chaneli zao 40 za FM, kuanzia megahezi 27.60125 hadi 27.99125. Za Wamarekani ziko chini kidogo, 26.965 hadi 27.405. Kwa hiyo redio ya mjomba ilikaa kabatini miaka yote bila mtu wa kuongea naye, ilhali juu yake kidogo tu, kuanzia 28 hadi 29.7, ndiyo bendi ya mita 10 ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana kwa mapenzi tu, si kwa biashara, ambayo leseni yangu inaniruhusu kuitumia.

Kuipandisha si jambo geni. Wenye redio za ridhaa kule Uingereza walizibadili nyingi za aina hii: chaneli ya 1 inakuwa 29.310, ya 40 inakuwa 29.700, na chaneli ya 30 inaangukia 29.600, mahali watu wa FM wanapoitana. Nilianza kwa fundi wa mji mwingine, sitamtaja. Alitia kibao cha kuidanganya chipu inayochagua masafa, akala shilingi 30,000, akanirudishia siku ileile. Chaneli 30 ikasoma 29.600 kweli. Lakini mita ya wati ilionyesha wati moja na kitu, na jioni ya pili bi mkubwa wa nyumba ya jirani akaja mlangoni: "Baba, sauti yako imeingia kwenye taarabu yangu." Niliona haya mno. Nikaizima.

Fundi wa Ngamiani alinieleza chanzo cha tatizo hilo kwa kalamu, nyuma ya boksi la balbu. Redio ikirusha 29.6, hutoa pia vivuli vyake: mara mbili, mara tatu, mara nne. Ilipokuwa 27.8, kivuli cha tatu kilikuwa 83.4, ambako redio ya FM ya nyumbani haifiki. Ukiipandisha, mara tatu ya 29.6 ni 88.8, katikati ya taarabu ya jirani. Mara nne ni 118.4, na hapo wanaongea marubani. Kiwandani koili za kutolea mawimbi na za kuzuia vivuli zilipangwa kwa 27. Ukihamisha masafa bila kuzigusa koili, hujamaliza kazi.

Kazi yenyewe aliniruhusu niitazame, na kwa hilo peke yake nampa alama zote. Antena hakuifunga kabisa. Alifunga kizuizi cha omu 50 kinachokula nguvu yote hapohapo mezani. Pembeni akaweka redio ndogo ya FM iliyosimama 88.8 na kipokezi kingine 118.4. Akatoa bisibisi ya plastiki aliyoichonga mwenyewe kutoka mpini wa mswaki, maana ukitia chuma ndani ya koili, ukikitoa tu kipimo kinahama, na kijiti cha feraiti kilichomo ndani yake ni rahisi kupasuka. Vijiti vile viligandishwa kwa nta tangu kiwandani. Aliisogezea kila koili ncha ya pasi ya lehemu bila kuigusa, nta ikalainika, akazungusha robo, akangoja, akazungusha tena. Mita ikapanda: 1.2, 1.9, 2.6. Ile redio ndogo iliyokuwa kimya kila anapobonyeza maiki, kwa sababu wimbi letu lilikuwa limeikaba, ikaanza kukoroma kama kawaida yake. Kwenye 3.4 akaacha. Nikamwambia kiwango cha redio hii ni wati 4. "Hiyo nusu iliyobaki atakayekusikia hataiona tofauti," akasema, "ila jirani yako ataiona." Kisha akagandisha vijiti upya kwa nta ya mshumaa.

Chaneli ya 40 aliifungia isirushe, kwa sababu 29.700 ndio mwisho wa bendi, na ukisimama juu ya mpaka nusu ya sauti yako iko kwa wenyewe. Chaneli 1 hadi 21 nimeziacha mwenyewe, maana chini ya 29.510 ni njia ya setilaiti kushusha mawimbi.

Malipo ni shilingi 85,000. Ni nyingi, na nilizilipa kwa moyo mweupe. Yasiyonipendeza nayasema vilevile: aliniahidi siku nne, nikaipata baada ya siku 16, risiti haandiki mpaka umkumbushe mara mbili, na mfuniko ulirudi umepungukiwa skrubu mbili. Redio ya urithi haifai kupungukiwa hata skrubu. Nenda asubuhi, adhuhuri anafunga.

Nyumbani Raskazone nilitundika antena ya waya mbili, mita 2.41 kila upande, juu ya mianzi, viungo nikavipaka grisi kwa ajili ya chumvi ya bahari. Jumapili alasiri, chaneli 30, Mtaliano akaita. Nikamjibu kwa zile wati 3.4, naye akazirudia herufi zangu za wito zote bila kukosea hata moja. Mkaza mjomba alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Akainua kichwa, akaniuliza kama hiyo ni ile ya mumewe.

Wiki hii nimempelekea fundi redio yangu nyingine, Yaesu iliyouzwa Ulaya kabla ya 2009, inayogoma kurusha juu ya 7.100 wakati tangu mwaka huo bendi yetu ya mita 40 inafika 7.200. Hii ni ya kuhamisha vitone vya lehemu kwenye ubao na kuiwasha upya. Amenitaka niandike masafa yote niliyoyahifadhi kwanza, yatafutika. Nimeandika. Na skrubu nimezihesabu mbele yake: ni 14.