Kuvisha usukani ngozi upya: gereji moja ya Ndeeba

Gereji ndogo ya Ndeeba, Kampala, niliyoipelekea Toyota Premio yangu ili usukani uliochubuka uvishwe ngozi upya, inastahili sifa hasa kwa namna fundi wake alivyoishughulikia eabegi, yaani mfuko wa hewa uliomo katikati ya usukani unaofumuka kumkinga dereva gari likigonga. Kabla ya kugusa bolti yoyote alizima swichi, akafungua waya hasi wa betri, kisha akasubiri dakika kadhaa, kwa sababu kompyuta ya eabegi huhifadhi umeme wa akiba unaoweza kuifyatua hata betri ikiwa imetengwa. Mteja mwenye haraka ataudhika; mimi niliridhika. Ndipo akalegeza bolti za nyota zilizojificha ubavuni mwa usukani, akaivuta eabegi taratibu, akachomoa plagi ya njano pamoja na waya wa honi, akailaza mezani uso wa kava, yaani kifuniko chake kinachoonekana katikati ya usukani, ukitazama juu, ili ikifyatuka isiruke kama kombora. Hakuipima kwa mita, na alifanya vyema, kwani hata umeme mdogo wa mita unaweza kuilipua.

Ushonaji ni mzuri, ingawa uzi wa upande wa kushoto umepinda kidogo. Linalonisumbua ni pendekezo lake la kulivisha ngozi kava lenyewe. Nilikataa: kwa ndani lina mistari iliyopunguzwa unene ili lipasukie hapo, na ngozi iliyogundishwa juu yake inaweza kuuzuia mpasuko huo. Ukienda, agiza wavishe duara la usukani tu, na ukiwasha gari hakikisha taa ya eabegi kwenye dashibodi inazimika baada ya sekunde chache.