CX-5 ya dizeli kwa barabara za Mbeya: uzoefu wangu na DPF

Mazda CX-5 ya dizeli, injini ya 2.2, ni gari zuri kwa anayepiga safari ya Makambako au Iringa angalau mara moja kwa wiki. Kama maisha yako ni Soweto, Mwanjelwa na Kabwe tu, hapa hapa Mbeya mjini, nunua ya petroli. Mimi ya dizeli naitumia mjini na safarini, na kinachoamua ni DPF.

Hilo ni chujio la masizi kwenye ekzosi. Ndani lina vijitundu kama sega la nyuki, kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma, hivyo moshi unapenya kwenye kuta na masizi yanabaki. Yakikaribia kujaa, kompyuta ya gari inapuliza dizeli ya ziada ili joto lifike kama nyuzi 600, yaungue. Inataka dakika 15 hadi 20 bila kukatizwa, injini ikiwa imeshapata moto.

Sasa asubuhi ya Julai, baridi ya Mbeya, kilomita nne na foleni ya Mafiati: injini inaanza kupata moto, wewe umefika unazima. Masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Ukichomoa kijiti ukakuta oili imepanda, usishangilie kwamba gari halili oili. Ikikaribia alama ya X iliyo juu ya F, mwaga yote. Oili iliyochanganyika na dizeli hivyo inamaliza turbo na beringi. Kwa mizunguko ya mjini mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na kopo lazima liandikwe C3 au DL-1, viwango vya oili yenye majivu machache. Oili nyingine za dizeli zinaacha majivu mengi, na majivu hayaungui hata ukienda Dar na kurudi.

Dalili kwamba chujio linachoma masizi: i-stop (inayozima injini yenyewe ukisimama) inagoma, ulaji wa mafuta kwenye dashibodi unapanda ghafla, ukizima feni inaendelea kuunguruma. Usizime, ingia barabara kuu uendelee kuendesha. Kipande cha Igawa kwenda Makambako kinafaa sana. Vibao vya 50 vya vijijini visikutishe: ukiwa kwenye 50 hiyo hiyo, weka gia kwenye M (unabadilisha mwenyewe) na shikilia mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika. Mteremko mrefu hausaidii, kwa sababu ukiachia mafuta ekzosi inapoa. Ukisimama, usiegeshe juu ya majani makavu.

Taa ya DPF ikiwaka bila kupepesa, safari hiyo inatosha. Ikipepesa, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kupima, si mwenye drili. Kutoboa chujio kunaleta moshi mweusi na kompyuta inaendelea kulalamika. Mwambie kwanza akague vile vimipira viwili vya sensa ya presha: vikipasuka, sensa inasoma uongo na chujio zima linahukumiwa bure.