The Lord of the Rings, toleo refu: kasha la kununua ukiwa Mwanza

The Lord of the Rings ni filamu tatu za mwongozaji Peter Jackson, kuhusu Frodo na wenzake wanaobeba Pete ya kichawi ili waiangamize, na kila moja ina toleo la sinema na toleo refu lililoongezwa matukio. Anza na dakika. Kabla ya jalada na kabla ya bei, muulize muuzaji filamu ina dakika ngapi, kwa sababu kuandika "extended" kwenye jina la faili hakumgharimu mtu hata senti. The Fellowship of the Ring iliingia sinema mwaka 2001 ikiwa na dakika 178. Toleo refu lina 208. The Two Towers ilikuwa na 179, ikafika 223. The Return of the King ilikuwa na 201, ikafika 251. Ukikuta 228, 235 na 263 usishtuke: mwishoni mwa kila filamu hupita majina ya wanachama wa klabu ya mashabiki, nayo yamehesabiwa. Kitu kingine kinachochanganya wanunuzi ni PAL, mfumo wa televisheni unaotumika kwetu na Ulaya. DVD ya PAL huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za filamu, hivyo dakika 208 hushuka hadi 200 hivi bila tukio hata moja kukatwa.

Shaka ikibaki, nenda kwenye filamu ya kwanza, pale msafara wa Frodo unapoagana na Galadriel, malkia wa msituni. Toleo la sinema linaonyesha zawadi ya Frodo peke yake. Toleo refu linawapitia na wenzake: Legolas anapata upinde, Merry na Pippin majambia, Sam kamba, na Gimli anaomba unywele mmoja akapewa mitatu. Kama hayo hayamo, umeuziwa fupi.

Na hapo hapo, kwenye ile kamba, ndipo ubora wa toleo refu ulipo. Katika filamu ya pili Frodo na Sam wanashuka jabali kwa kamba hiyo (toleo refu pekee), kisha wanamfunga nayo Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki Pete, inamuunguza. Aliyeona toleo la sinema anaiona kamba imetokea tu. Aliyeona toleo refu anajua imetoka mkononi mwa nani. Dakika 30 za filamu ya kwanza karibu zote ni za namna hiyo: deni dogo linakopwa hapa, linalipwa saa nne mbele. Peter Jackson hakuongeza mapigano kwa ajili ya mapigano, aliongeza sababu. Wasomaji wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe watalielewa hili upesi. Riwaya yake haina haraka, inakaa kwenye uvuvi, dawa na adabu za ukwe mpaka ulimwengu wa wahusika uwe mzito kichwani, na bila uzito huo kisa chenyewe kisingeuma.

Filamu ya pili ndiyo iliyonufaika kuliko zote. Kwenye sinema Faramir, mkuu wa askari, anaonekana mtu mwenye tamaa tu: anawakamata Frodo na Sam, anawaburuta hadi Osgiliath, halafu anawaachia. Toleo refu linarudi nyuma, baada ya kaka yake Boromir kuukomboa mji huo. Baba yao, Denethor, anamdharau Faramir mbele ya kaka yake, kisha anamtuma Boromir akailete Pete. Baada ya hapo huhitaji kuelezwa kwa nini kijana huyu anatamani kurudi kwa baba na kitu mkononi. Atakayenunua kasha moja tu kati ya matatu achukue hili.

La tatu lina mchanganyiko. Mchawi mwovu Saruman hakuonekana kabisa kwenye sinema, jambo lililomuudhi Christopher Lee aliyemwigiza. Hapa mwisho wake umerudishwa, na ni haki. Yumo pia msemaji wa Sauron, adui mkuu, pale langoni kwake, na nyumba za uponyaji anakolazwa Éowyn, binti shujaa aliyejeruhiwa vitani. Lakini tukio la meli za maharamia lilipaswa kubaki nje. Kwenye sinema hujui kama jeshi la wafu limekubali kupigana mpaka Aragorn, mrithi wa ufalme aliyekwenda kuwaomba, aruke kutoka melini, na moyo unaruka naye. Toleo refu linakuonyesha mapema, mshtuko unapotea. Fimbo ya mchawi Gandalf kuvunjwa na mfalme wa Nazgûl, watumishi wa Sauron, nako kunamshusha mzee bila faida yoyote baadaye. Kwa hiyo mgeni aanze na toleo la sinema kwa filamu ya tatu. Kwa mbili za kwanza aende moja kwa moja kwenye ndefu.

Sasa makasha. DVD zilitoka kwa zamu: Novemba 2002, Novemba 2003 na Desemba 2004. Kila kasha lina diski nne, mbili za filamu na mbili za nyongeza. Blu-ray ya mwaka 2011 ina diski 15, sita za filamu na tisa za DVD. Picha ni kali, ila filamu ya kwanza ilipakwa rangi ya ukijani inayoonekana wazi kwenye theluji. Kasha la 4K la mwaka 2020 lina diski tisa, matoleo yote mawili yamo, ukijani umeondoka, lakini zile nyongeza hazimo. Kwetu sisi hilo ni pengo kubwa. Mwenye TV ya inchi 32 na deki ya kawaida atapata faida zaidi kwenye DVD za diski nne, ambazo zikiuzwa mkononi ndizo za bei nafuu.

Nyongeza zenyewe ni shule. Kijana wa Mwanza anayepiga video za harusi au muziki azitazame akiwa na daftari. Imo mifano ya miji iliyojengwa mikubwa mno na kupigwa picha kwa karibu, zimo deraya zilizounganishwa pete kwa pete kutoka mabomba ya plastiki, na imo mbinu ya kumfanya mtu mzima awe mfupi bila kompyuta. Hii ya mwisho unaweza kuijaribu leo kwenye mchanga wa ziwani. Mweke mmoja mita 2 kutoka kwenye lenzi na mwingine mita 3: wa nyuma ataonekana theluthi mbili ya kimo chake. Wote wawili lazima waonekane wazi kwenye picha bila ukungu, kwa hiyo funga tundu la lenzi hadi f/11 au zaidi, na hilo linadai mwanga mwingi. Jua la saa tano asubuhi linatosha. Kinachoharibu ni macho. Waigizaji wakitazamana kweli, uongo unagundulika. Kila mmoja atazame alama uliyompangia. Kamera nayo isisogee. Jackson alipotaka isogee, ilibidi kiti cha mwigizaji nacho kisogezwe kwa kufuata mwendo wa kamera.

Upande wa vifaa, diski hufungwa kwa kanda, yaani deki ya kanda moja inaweza kukataa diski ya nyingine. Tanzania iko kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray. Diski za 4K hazina kanda. Kasha la Marekani ni kanda ya 1, la Uingereza au Dubai ni ya 2. Deki nyingi za bei ya chini zinazouzwa mjini hazibagui, lakini jaribu diski dukani kabla ya kulipa. Kompyuta ndiyo ya kuogopwa: kiendeshi chake cha DVD kinakuruhusu kubadili kanda mara tano, kisha kinajifunga palepale. Na kama bado una TV ya chogo, diski ya NTSC, mfumo wa Marekani, inaweza kutoa picha isiyo na rangi. Badili kwenye menyu ya deki iwe PAL.

Malalamiko ya kawaida ni kwamba muziki unapasua masikio huku maneno hayasikiki. Diski si mbovu. Maongezi yamewekwa kwenye spika ya katikati, na sabufa ya waya mbili haina spika hiyo. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa deki, toa 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa), weka stereo, maneno yatarudi.

Diski ikigandia katikati, mara nyingi ni pale deki inapohama tabaka la kwanza la data kwenda la pili. Lenzi iliyochoka hushindwa hapo kwanza. Futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, kwa sababu mkwaruzo wa mzunguko unafuata njia ya data. Isipopona, ni kazi ya fundi kusafisha lenzi.

Kwa wanaotumia flashi: flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 64. Ifomati exFAT, ila hakikisha kwanza TV yako inaisoma. Picha ikitokea bila sauti, mara nyingi faili lina sauti ya aina ya DTS ambayo TV yako haiifahamu. Tafuta lenye AC3.

Kiswahili hakimo kwenye maandishi ya tafsiri ya diski. Ukipata faili la maandishi la pembeni, liwe la toleo refu. La toleo la sinema litaanza sawa, kisha kila tukio lililoongezwa litalisogeza zaidi, na kulivuta mbele kwa rimoti hakutasaidia, kwa kuwa kosa linakua. Lililotengenezewa PAL nalo linapishana na la picha 24 kwa dakika mbili na nusu kila saa.

Zote tatu pamoja na majina ya mashabiki ni saa 12 na dakika 6. TV na deki zinazokula wati 70 kwa pamoja zitatumia chini ya uniti moja ya LUKU. Umeme ukikatika, deki nyingi husahau zilipoishia, basi kila unapoanza kipande andika namba yake. Kwenye orodha ya matukio, nyota moja ni tukio lililorefushwa na nyota mbili ni jipya kabisa, hivyo mwenye haraka anaweza kuruka hadi yale ambayo hajawahi kuyaona.