Uzoefu wangu: DAC ya dola 9 na ya dola 129 kwenye swichi moja

Nimelinganisha Topping E30, iliyoingia sokoni mwaka 2020 kwa dola 129, na ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda tundu la hedifoni, ambayo Marekani huuzwa dola 9, nione kama sikio linaweza kuzitofautisha bila kujua ipi inacheza. Zote mbili ni DAC: zinapokea namba kutoka kwenye kompyuta na kutoa umeme wa sauti. Nitaeleza zaidi mtambo wa kulinganishia, maana ukikosewa huo, matokeo hayana thamani hata kama masikio ni mazuri.

Kazi kubwa ni kusawazisha ukubwa wa sauti. E30 hutoa volti 2, kiwango kilekile cha deki za CD. Adapta ya toleo la Marekani, A2049, hutoa takriban volti 1. Ya Ulaya, A2155, hutoa nusu ya hapo, kwa hiyo soma namba iliyoandikwa kwenye waya kabla ya kununua. Volti 2 dhidi ya 1 ni tofauti ya desibeli 6, na hiyo kila mtu ataisikia. Hatari zaidi ni tofauti ndogo. Desibeli nusu haitambuliki kama sauti kubwa zaidi. Sikio huiita "safi", "yenye uhai", "besi imejaa". Lazima zikaribiane kufikia desibeli 0.1, yaani asilimia 1.2 ya volti.

Cheza toni ya sine (sauti safi ya wimbi moja) ya hezi 200 iliyorekodiwa desibeli 6 chini ya kilele, kisha pima kwa multimita kwenye AC (umeme unaogeuka mwelekeo). Toni ya hezi 1,000 inayopendekezwa sana haifai hapa, kwa kuwa mita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 na hudanganya zikipita hezi 400. Angalia pia viwango vya kupimia vya mita yenyewe: zile ndogo za manjano nyingi zina AC ya volti 200 na 750 tu, haziwezi kutofautisha volti 0.50 na 0.53. Tafuta yenye kiwango cha volti 2 na inayosoma hadi milivolti moja. Usahihi wake kamili si muhimu, mradi unatumia mita ileile pande zote.

Adapta ikisoma volti 0.500, E30 inatakiwa iangukie kati ya 0.495 na 0.505. Kuipunguza kwa vitufe vyake hakutoshi, kwani inaruka nusu desibeli kila hatua. Nilichotumia ni vipande viwili vya ile inayoitwa volyumu kwa mafundi redio (kizuizi cha kuzungusha), ya kilo-ohm 10, kimoja kila upande, vikiwa ndani ya kiboksi cha bati kilichounganishwa na ardhi ya waya, yaani uzi wa kurudishia umeme. Pima ukiwa umeshachomeka kwenye amplifaya na amplifaya imewashwa. Mzigo wake hushusha volti kidogo, na ukipima waya ukiwa mtupu utajikuta umekosea kwa karibu nusu desibeli bila kujua. Pima kushoto na kulia, usiamini upande mmoja.

Swichi ya kuchagua DAC ni sanduku la kawaida la RCA (tundu za waya nyekundu na nyeupe) lisilotumia umeme. Kabla ya kuliamini, cheza DAC moja tu, geuzia upande wa pili na ongeza sauti: ukisikia sauti nyembamba za matoazi zinavuja, lirudishe dukani. La kwanza nililonunua lilivuja hivyo. Jambo la pili la kukagua ni ardhi. Masanduku mengi huunganisha ardhi za pande zote muda wote, kwa hiyo mvumo wa DAC moja huingia hadi kwenye nyingine na unaweza kulaumu kifaa kisicho na kosa. Mvumo ukitokea, chomoa chaja ya laptopu utumie betri, na ilishe E30 kwa pawabenki, kwani inahitaji volti 5 tu. Mvumo ukikoma, kosa lilikuwa ni mzunguko wa ardhi kati ya chaja na amplifaya, yaani umeme unaozunguka kupitia ardhi zilizounganishwa.

Kwenye Mac, Audio MIDI Setup inaunda Multi-Output Device inayopeleka muziki kwenye DAC zote mbili kwa pamoja. Weka zote kwenye kilohezi 44.1 ikiwa faili zako ni FLAC (faili za muziki zisizopoteza ubora) za CD, ili programu isibadilishe namba njiani. Saa za ndani za DAC hizi, zinazopanga mwendo wa namba, hazilingani kikamilifu, kwa hiyo washa marekebisho ya saa (Drift Correction) kwa moja, na katikati ya jaribio badilisha ile inayorekebishwa.

Hata hivyo, hazitoi sauti kwa wakati mmoja kabisa. Ukigeuza swichi muziki ukiendelea, mruko mdogo utakuambia ni ipi. Simamisha muziki, geuza, anza tena kipande kilekile cha sekunde 10 hadi 15. Msaidizi arushe sarafu mara 16 mapema, aandike orodha, akae nyuma ya pazia, na kila mara ageuze swichi kwenda na kurudi hata kama haibadiliki, maana mlio wake hutoa siri. Wewe utaje kila mara ni DAC ipi inayocheza, kisha mlinganishe na orodha.

Kupata 12 au zaidi kati ya 16 kwa kubahatisha kuna uwezekano wa asilimia 3.8. Nilianza na jaribio la DAC moja iliyogawanywa pande zote za swichi: 7 kati ya 16, kama inavyotakiwa. Kisha nikaipunguza E30 kwa desibeli 1 makusudi: 14. Mtambo, basi, unafanya kazi. Zikiwa zimesawazishwa, kwa spika na amplifaya yenye kizuizi cha kuingilia cha kilo-ohm 47: 9 kati ya 16.

Kwa kazi hiyo, adapta inatosha, na dola 120 zinazobaki ningezipeleka kwenye spika. E30 naibakiza kwa sababu ina mlango wa optiki, ambao hauna waya wa shaba na hivyo unakata mzunguko wa ardhi kabisa, na kwa sababu volti 2 huifikisha amplifaya yenye usikivu mdogo kwenye nguvu yake kamili. Ukilinganisha DAC za aina ya NOS, zisizo na kichujio, tarajia matokeo tofauti: kwa muziki wa kilohezi 44.1 hushuka desibeli 3 kwenye kilohezi 20, na kijana mwenye masikio mazima anaweza kulisikia hilo. Zisawazishe kwa hezi 200 zilezile, wala usijaribu kuziba pengo la juu kwa kuongeza sauti.