Somo la Utangulizi wa Haki Jinai katika chuo cha jamii, Ohio: maoni ya mkalimani

Kwa miaka sita nimekuwa mkalimani wa Kiswahili hapa Columbus, zaidi hospitalini na shuleni, mahakamani mara mojamoja. Mwaka jana hakimu alitaja probesheni, yaani kubaki uraiani chini ya uangalizi, mimi nikamweleza mshtakiwa habari za paroli, yaani kutoka gerezani mapema. Wakili alishtuka, tukarekebisha palepale. Lakini usiku ule sikulala. Wiki iliyofuata nikajiandikisha somo la Utangulizi wa Haki Jinai katika chuo cha jamii kilicho karibu na kwangu.

Ni wiki 16, kila Jumanne kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu kasorobo. Ada ilikuwa dola 570, na kitabu dola 140. Kitabu nitakirudia.

Mwalimu wetu alikuwa ofisa wa probesheni kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu na kuanza kufundisha. Siku ya kwanza aligawa jalada la kubuni: kijana wa miaka 22, amekamatwa usiku karibu na gari lisilo lake. Jalada hilo tulikaa nalo muhula mzima, na kila Jumanne likaongezeka karatasi: ripoti ya polisi, hati ya mashtaka, masharti ya dhamana, barua ya mwendesha mashtaka inayomtaka kijana akiri kosa dogo ili kubwa lifutwe. Kila karatasi ilipoingia, mwalimu aliuliza swali lilelile: "Sasa uamuzi uko mkononi mwa nani?" Nimesoma Kigoma, nimesoma na hapa, na sijawahi kufundishwa vizuri hivi.

Kesi za Mahakama ya Juu ya Marekani alizifundisha kwa kutuinua vitini. Katika Terry dhidi ya Ohio, iliyoanzia Cleveland mwaka 1963, mpelelezi Martin McFadden aliwaona wanaume wawili wakipita na kurudi mara nyingi mbele ya dirisha la duka. Akawasimamisha, akawapapasa juu ya nguo, akakuta bastola. Mwaka 1968 majaji wanane kati ya tisa waliona alikuwa na haki. Mwalimu aliwatuma wanafunzi wawili wapitepite mlangoni, sisi wengine tukaandika tulichokiona. Aliyeandika "walionekana wabaya" alirudishiwa karatasi yake. Shaka ya polisi lazima iwe na msingi unaoweza kuelezwa, na baada ya zoezi lile hakuna aliyehitaji kukariri.

Jioni ninayoikumbuka kuliko zote ni ya onyo la Miranda, yale maneno ya haki zako ambayo polisi hukusomea kabla ya kukuhoji. Mwalimu aliniomba nilisome kwa Kiswahili mbele ya darasa. "Una haki ya kukaa kimya" lilitoka bila shida. Nilipofika kwenye wakili anayetolewa kwa asiye na fedha, nikakwama. Neno linalokuja haraka ni "wakili wa serikali". Kwetu Tanzania, wakili wa serikali ndiye anayekushtaki! Nilipoeleza hivyo darasa zima lilinyamaza. Mwalimu akatusimulia habari za Clarence Gideon, mfungwa wa Florida aliyeandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani, na mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba asiye na uwezo apewe wakili katika mashtaka makubwa ya jinai. Tangu siku ile nasema "wakili wa kukutetea wewe, serikali inalipa tu". Maneno ni mengi, najua, lakini mzee aliyetoka Uvira au Fizi, kule Kongo, akiyasikia anafungua mdomo na kuzungumza na wakili wake.

Mwalimu pia alisahihisha jambo ambalo nusu ya jamaa zangu hapa wanaliamini: kwamba polisi asipokusomea haki zako kesi inakufa. Sivyo. Onyo linatakiwa ukiwa umeshikiliwa na unahojiwa, na lisipotolewa, kinachoondolewa kwa kawaida ni yale uliyoyasema. Ernesto Miranda mwenyewe, ambaye kesi yake ndiyo iliyoleta onyo hilo, alishtakiwa upya bila maungamo yake, na mwaka 1967 akatiwa hatiani tena.

Na lile kosa langu? Probesheni hutolewa badala ya kifungo, unabaki uraiani chini ya uangalizi. Paroli ni kutoka gerezani kabla muda wote haujaisha, na hapa Ohio makosa mengi yaliyotendwa tangu Julai 1996 hayana paroli kabisa. Nimeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Sasa kasoro. Kitabu hakina thamani ya dola 140, tulikifungua mara nne au tano. Magereza yaliachwa mpaka wiki mbili za mwisho, tukayapitia mbiombio.

Linaloniuma zaidi ni uhamiaji. Tulikuwa 24 darasani, na wengi wetu tumezaliwa nje ya Marekani. Hata hivyo Padilla dhidi ya Kentucky haikuwemo katika mpango wa somo. José Padilla alikuwa mkazi halali kwa zaidi ya miaka 40 na alipigana Vietnam katika jeshi la Marekani. Alikiri kosa la kusafirisha bangi baada ya wakili wake kumwambia asihofu kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo kabla hajakiri. Kijana wa jalada letu angekuwa mkimbizi kutoka Kongo, barua ile ya kukiri kosa dogo ingekuwa barua nyingine kabisa. Nilinyoosha mkono nikasema hivyo. Mwalimu alikubali, akatupa dakika ishirini za jioni moja. Dakika ishirini hazitoshi. Nimeandika ombi kwa idara kwamba jambo hili lipewe wiki nzima, na nitaendelea kuandika.

Nyota nne kati ya tano. Darasa la Jumanne linaanza tena Januari na hujaa mapema, kwa hiyo jiandikishe Novemba, na uulize kwanza kama mwalimu ni yule aliyekuwa ofisa wa probesheni. Kitabu usinunue. Changu kipo, nakiazimisha kwa mkalimani yeyote wa hapa mjini, pamoja na daftari.