Nimelipia hita ya gari, nikakuta gunzi la mahindi

"Hita ya nini, mzee? Kwani sisi tuko Ulaya?"

Hilo neno nimeambiwa na mafundi watatu hapa Njombe, na wote watatu walikuwa wamevaa makoti. Wenzangu wa Dar na Tanga mnaweza kucheka nao. Lakini njooni Makete mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, majani ya viazi yameganda barafu, kioo cha mbele kimeshika ukungu kwa ndani, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unafuta kioo kwa soksi. Kule hita si anasa. Bila hita huoni barabara.

Gari langu ni Hilux ya dizeli, LN106, ile ya zamani ambayo ukiigonga mlango inalia kama debe. Ilianza na harufu tamutamu ndani, kama peremende inaungua. Kioo kikawa na utando wa mafuta, ukiufuta unasambaa tu. Kapeti upande wa abiria likalowa, mke wangu akamgombeza mtoto bure kwamba kamwaga soda. Mimi kila asubuhi naongeza maji kwenye rejeta, na chini ya gari hakuna hata tone. Mwenye gari la aina hii akisikia hayo hahitaji kuambiwa: rejeta ya hita imetoboka. Ni kirejeta kidogo tu, saizi ya kitabu kinene, maji ya moto ya injini yanapita humo na feni inapuliza hewa kukipitia, ndiyo inatoka na joto. Ubaya wake kimekaa nyuma ya dashibodi. Na niseme ukweli, kutu niliileta mwenyewe, maana miaka yote nilitia kulanti kiduchu, yale maji tamutamu ya rejeta yanayozuia kutu, kisha nikajazia maji ya bomba, nikaona kulanti kamili ni ya matajiri.

Mafundi wawili wa kwanza walitaka kubaipasi. Unachukua mipira miwili inayoingia kwenye kebini, unaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji yanazunguka bila kugusa hita. Dakika kumi, elfu kumi, nenda zako. Nikakataa. Wa tatu, mwenye gereji yake, alisema lake la Ulaya kisha akakubali kufunga. Spea nilikuwa nayo mkononi, mtumba wa Japani kutoka Gerezani, Kariakoo, imekuja na basi ndani ya boksi la biskuti. Tukapatana laki moja na nusu ya ufundi.

Sasa hapa lazima nimsifie mtu, na inaniuma kwa sababu nilikaa chini kuandika matusi. Siku ya pili nilipita kuchungulia. Kazi alipewa kijana mmoja mkimya. Dashibodi nzima ilikuwa imelazwa juu ya blanketi, na pembeni kuna trei la mayai, kila tundu lina skrubu zake na kijikaratasi cha daftari: "chini ya redio", "kona ya kioo", "mbili fupi, usichanganye". Rejeta mpya ameizungushia sponji mpya ili upepo usipotee pembeni. Miaka yangu yote ya kumiliki magari sijawahi kuona skrubu zimeheshimiwa hivyo. Siku ya tatu jioni nikachukua gari, dashibodi haitoi mlio hata mmoja, na saa iliyokuwa imekufa tangu nilinunue imeanza kutembea. Nikampa kijana hela ya soda, nikaondoka nikipiga mluzi.

Alfajiri iliyofuata nikapanda na utingo wangu kwenda kuchukua viazi. Nikasukuma swichi mpaka mwisho kwenye nyekundu, nikawasha feni. Baridi. Nikajipa moyo kwamba injini haijapata moto. Kilomita thelathini, geji ya joto iko katikati, upepo bado ule ule, kama mtu kakufungulia friji miguuni. Nikasema basi ni hewa imekwama, maana ukishafungua mfumo wa maji unatakiwa uweke hita kwenye moto, uache mfuniko wa rejeta wazi na injini ingurume mpaka mapovu yaishe. Nikasimama, nikafungua boneti, nikamulika na simu.

Mipira miwili imeunganishwa kwa kipande cha bomba la chuma. Klipu mpya, zinang'aa. Mabomba mawili ya hita yamechungulia kwenye bati, hayana mpira wowote. Moja liko wazi. La pili limezibwa kwa gunzi la mahindi.

Utingo akaliangalia muda mrefu, akasema, "Baba, hili gunzi ni la msimu huu."

Hita mpya ipo ndani, kavu, imetulia kama picha ya ukutani. Laki na nusu. Nilicheka. Halafu tuliposhika tena barabara na soksi ikarudi kazini, nikaacha kucheka.

Kesho yake niko gereji mapema. Mwenyewe kakaa kwenye kigoda, koti mpaka magotini, kofia ya sufu, jiko la mkaa katikati ya miguu, anakausha viganja. Nikamsalimu, kamwene, akaitikia kwa nyusi. Hakuinuka.

"Gari si linatembea?"

"Linatembea. Hita haifanyi kazi."

"Si imefungwa?"

"Imefungwa, maji hayaingii!"

"Mzee, ile spea ni mtumba. Ikivuja utarudi kunilaumu mimi. Nimekulinda. Halafu huku kwetu hita haina kazi, wateja wote wanasema hivyo." Akageuza viganja, akakausha na upande wa pili.

Jiko liko katikati ya miguu yake! Ndugu zangu, sikupata neno. Kama hakutaka kufunga angesema siku ya kwanza, nisingempa hela.

Kwa hiyo msiende pale. Nilikuwa naishia hapo. Ila nilipotoka nje yule kijana alinifuata kimyakimya na spana mbili, akatoa gunzi, akarudisha mipira, akatoa hewa, dakika ishirini. "Nisamehe mzee, niliambiwa niache vile." Hakutaka hela. Tangu siku hiyo hita inachoma mpaka utingo anavua koti, na kioo kiko wazi kuanzia Njombe mpaka kwenye mashamba.

Basi nendeni, ila mwulizieni kijana. Hapana, msiende, hela inaingia mfuko wa yule yule wa kigoda. Sijui. Kazi ya dashibodi pale sijaona mfano wake hapa mjini.

Tatizo ni kwamba juzi nimeona mpira mmoja unatoa jasho kwenye klipu, na kwa mzee wa jiko nilishaapa sirudi. Jioni huwa anawahi kuondoka, kijana ndiye anayefunga geti. Labda nipitie kwenye saa kumi na mbili.